Maswali ya Wasomaji: Brian Clough na Mtu Aliyesimama Kando Yake

Kwa kawaida safu hii hupokea maswali ya mada mbalimbali, lakini barua nyingi za mwezi huu zilimhusu mtu mmoja tu, Mwingereza Brian Clough, mshambuliaji aliyetundika daluga mapema kwa sababu ya jeraha, akageuka kuwa meneja na, akiwa na msaidizi wake Peter Taylor, kuipa Nottingham Forest ubingwa wa Ulaya. Tumeziunganisha zile zilizofanana na kumkabidhi mwandishi wetu wa soka azijibu.

Mhariri, salaam. Kila Forest wanapoonyeshwa kwenye televisheni naona nyota mbili juu ya nembo yao ya mti. Mwanangu anashikilia kwamba ni alama ya kutwaa ligi ya Uingereza mara mbili. Mimi nasema hapana, ila sina ushahidi. Tusuluhisheni. (Msomaji, Mwanza)

Safari hii mzazi ameshinda. Nyota hizo ni za Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, mashindano ambayo leo yanaitwa Ligi ya Mabingwa, na Forest walilitwaa mwaka 1979 mjini Munich kwa kuifunga Malmö ya Sweden bao 1-0, kisha wakalitetea mwaka 1980 mjini Madrid kwa kuifunga Hamburg ya Ujerumani Magharibi, iliyokuwa na Kevin Keegan kikosini, kwa bao 1-0 vilevile. Ligi ya Uingereza wameichukua mara moja tu, msimu wa 1977/78, na kwa sababu hiyo Forest ndiyo klabu pekee iliyolibeba kombe hilo la Ulaya mara nyingi zaidi kuliko ligi ya nchi yake. Makombe yote hayo yalipatikana chini ya meneja mmoja, na miezi kumi na miwili tu kabla ya msimu ule wa ubingwa timu hiyo ilikuwa bado daraja la pili.

Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Clough alifunga mabao zaidi ya mia mbili, lakini aliichezea timu ya taifa mara mbili tu. Je, alikuwa mchezaji mkubwa kweli, au sifa hizo zilikuja baadaye kwa sababu ya ukocha? (Msomaji, Mombasa)

Takwimu zake hazina shaka: mabao 251 katika mechi 274 za ligi, 197 kati ya hayo akiwa na Middlesbrough, mji aliozaliwa tarehe 21 Machi 1935, na 54 akiwa na Sunderland. Ni wastani ambao mshambuliaji yeyote wa leo angeutamani. Hata hivyo, swali lako lina uzito, kwa sababu mabao 250 kati ya hayo yalifungwa katika daraja la pili. Katika daraja la kwanza Clough alicheza mechi tatu tu maishani mwake na kufunga bao moja, ambalo aliifunga Leeds United, klabu tutakayoizungumzia hapo chini.

Mechi zake mbili za taifa, dhidi ya Wales na Sweden, zilichezwa Oktoba 1959, na hakufunga. Wakati ule kikosi cha Uingereza kilichaguliwa na kamati, si na kocha peke yake, na Clough alipangwa pamoja na Jimmy Greaves na Bobby Charlton, wachezaji ambao nao walipenda kuwa pale pale alipotaka kuwa yeye. Baada ya hapo hakuitwa tena. Mimi huamini kwamba ulimi wake pia ulimponza, kwani hata Middlesbrough wachezaji wenzake walifikia kuandika barua ya kutaka avuliwe unahodha.

Kisha ikaja tarehe 26 Desemba 1962. Sunderland walikuwa nyumbani wakicheza na Bury kwenye uwanja uliokuwa mgumu kwa baridi, Clough akaukimbilia mpira, akagongana na kipa, na kano za goti lake zikakatika. Alikuwa na umri wa miaka 27. Leo jeraha la namna hiyo hufanyiwa upasuaji na mchezaji akarejea baada ya miezi tisa au kumi, lakini katika miaka ile mara nyingi lilimaanisha mwisho wa kazi. Alihangaika kwa karibu miaka miwili, akarudi kwa zile mechi tatu nilizozitaja, kisha akakubali. Sunderland wakampa vijana awafundishe, na hapo ndipo alipogundua kwamba anayo kazi nyingine anayoiweza.

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa ualimu, nina ndoto ya kuwa kocha. Napenda kujua Clough alianzia wapi, maana wengi wanaandika kuhusu Forest kana kwamba alitokea tu na kuanza kushinda. (Mwanafunzi, Dodoma)

Alianzia chini kabisa, na pale chini si mahali pa kupita haraka. Oktoba 1965, akiwa na umri wa miaka 30, alipewa mikoba ya Hartlepools United, klabu ya daraja la nne, ambalo wakati ule lilikuwa la mwisho katika ligi ya Uingereza. Utaratibu ulikuwa kwamba timu nne za mkiani zinaomba kura za klabu nyingine ili zibaki katika ligi, na Hartlepools walikuwa wamezoea kuomba. Pesa hazikuwepo. Clough alizunguka katika baa na kumbi za wafanyakazi akiomba michango, akajipatia leseni ya kuendesha basi ili timu iweze kusafiri bila gharama ya dereva, na akamwita rafiki yake Peter Taylor, kipa wa zamani wa Middlesbrough, awe msaidizi. Kwa kuwa klabu haikuwa na uwezo wa kulipa mshahara wa meneja msaidizi, Taylor pia ndiye aliyekuwa akiingia uwanjani na ndoo na sponji mchezaji anapoumia.

Matokeo yalikuwa ya kawaida tu: nafasi ya 18 msimu wa kwanza, ya nane msimu wa pili. Lakini msimu uliofuata, wao wakiwa wameshaondoka, timu waliyoijenga ilipanda daraja. Na katika timu ile alikuwemo kijana wa miaka 16 aitwaye John McGovern, ambaye Clough alimchukua kila alikokwenda, Derby, Leeds na hatimaye Forest, na ndiye nahodha aliyeyanyanyua makombe yote mawili ya Ulaya.

Mwaka 1967 walihamia Derby County, iliyokuwa ikisuasua daraja la pili, na msimu wao wa kwanza huko ulikuwa mbaya kuliko ule uliotangulia. Ninalitaja hili kwa makusudi, ndugu mwanafunzi, kwa sababu bodi nyingi za leo zingekuwa zimeshawatimua. Kilichobadili mambo ni usajili. Roy McFarland, beki wa kati mwenye umri wa miaka 19, alifuatwa nyumbani kwa wazazi wake usiku, akaamshwa kitandani, na wageni hawakuondoka mpaka aliposaini. Dave Mackay alitoka Tottenham akiwa na miaka 33, wakati wengi waliamini amekwisha, naye alirudishwa nyuma kutoka kiungo hadi ulinzi ambako hakuhitaji kukimbia sana, akawa mwalimu wa vijana ndani ya uwanja. Mwaka 1969 Derby walitwaa ubingwa wa daraja la pili, na mwaka 1972 ubingwa wa Uingereza wenyewe, wakiwa na pointi 58 huku Leeds, Liverpool na Manchester City wakiwa na 57 kila mmoja. Derby walikuwa wamemaliza mechi zao mapema, na habari za ubingwa ziliwakuta wachezaji wakiwa mapumzikoni Mallorca.

Msimu uliofuata walifika nusu fainali ya Ulaya na kutolewa na Juventus. Kisha Oktoba 1973 Clough na Taylor wakajiuzulu baada ya mvutano mrefu na mwenyekiti, Sam Longson, aliyechoshwa na maneno ya Clough katika magazeti na televisheni. Wachezaji waliandamana kuwatetea, mashabiki pia, lakini barua ya kujiuzulu ilikuwa imeshapokewa. Ni dhahiri kwamba Clough hakutarajia ipokewe.

Mhariri, zile siku 44 za Clough akiwa meneja wa Leeds ziliharibikia wapi? (Msomaji, Kisumu)

Ziliharibika kabla ya siku ya kwanza. Kwa miaka kadhaa Clough alikuwa amewashambulia Leeds hadharani kwamba wanacheza rafu na kuwalaghai waamuzi. Don Revie, aliyekuwa ameijenga timu ile, alipoondoka mwaka 1974 kwenda kuifundisha timu ya taifa, uongozi wa Leeds ulimchagua mkosoaji mkubwa kuliko wote awe mrithi. Inasimuliwa na wachezaji waliokuwepo kwamba katika kikao cha mwanzo aliwaambia wazitupe medali zao kwa kuwa hawakuzipata kwa haki. Hao walikuwa mabingwa wa Uingereza, wengi wao wakiwa na umri wa kutosha kumhukumu meneja kabla hajamaliza sentensi.

Mechi ya Ngao ya Hisani, ya kufungua msimu, dhidi ya Liverpool ilimalizika huku nahodha wake, Billy Bremner, akiwa ametolewa kwa kupigana na Kevin Keegan, wakati huo akiwa mchezaji wa Liverpool, na Bremner akafungiwa mechi nyingi. Katika mechi sita za ligi Leeds walishinda moja tu. Tarehe 12 Septemba 1974 Clough alifukuzwa, akalipwa fidia nono, na usiku huo huo akaketi kwenye studio ya televisheni ana kwa ana na Revie wakihojiana. Wachezaji wale wale alioshindwa kuwaongoza walifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya miezi minane baadaye chini ya Jimmy Armfield, kwa hiyo hoja kwamba walikuwa wamezeeka haisimami.

Kuna jambo moja ambalo watu hulisahau wanapoisimulia habari hii. Baada ya Derby, Clough na Taylor walikuwa wamekwenda pamoja Brighton, daraja la tatu. Leeds walipobisha hodi Taylor alikataa kuondoka. Clough alikwenda peke yake.

Kwa Mhariri. Mimi ni shabiki wa muda mrefu na nimechoka kusikia kila kitu kikihesabiwa kwa Clough peke yake. Peter Taylor alikuwa na mchango gani hasa? Ungempa asilimia ngapi? (Msomaji, Tanga)

Asilimia sitakupa, mzee wangu, kwa sababu kazi ya watu wawili haigawanyiki hivyo. Lakini nitakuwekea kalenda mezani, nawe uamue.

Clough alifika Forest Januari 1975 bila Taylor, timu ikiwa nafasi ya 13 daraja la pili. Alimaliza msimu huo nafasi ya 16 na uliofuata nafasi ya nane. Alikuwa amekwishawakuta pale Martin O'Neill, Viv Anderson, Ian Bowyer na John Robertson, na alikuwa amewaleta McGovern na Frank Clark, yaani nusu ya timu iliyokuja kuwa bingwa wa Ulaya ilikuwa tayari mikononi mwake, na bado haikuwa ikienda popote. Julai 1976 Taylor akajiunga naye. Mei 1977 Forest walipanda daraja kwa kushika nafasi ya tatu. Mei 1978 walikuwa mabingwa wa Uingereza, pointi saba juu ya Liverpool, wakiwa wamefungwa mabao 24 tu katika mechi 42. Kati ya Novemba 1977 na Desemba 1978 walicheza mechi 42 za ligi mfululizo bila kupoteza hata moja, rekodi iliyodumu mpaka Arsenal walipoivunja mwaka 2004.

Katikati ya tarehe hizo tazama nani aliingia. Kenny Burns alikuwa mshambuliaji mkorofi wa Birmingham ambaye Clough hakumtaka kabisa. Taylor alimfuatilia hadi kwenye mashindano ya mbio za mbwa kuona kama kweli anacheza kamari kama ilivyosemwa, akaridhika, na Burns akageuzwa kuwa beki wa kati na kuchaguliwa na waandishi wa michezo kuwa mchezaji bora wa mwaka 1978. Peter Shilton alinunuliwa kwa fedha ambazo wakati ule zilionekana nyingi mno kwa kipa, na Taylor, aliyekuwa kipa mwenyewe, ndiye aliyesisitiza kwamba kipa mkubwa anakuletea pointi sawa na mfungaji. Garry Birtles aliletwa kutoka klabu ya ridhaa ya jirani kwa pauni 2,000. Septemba 1978 alifunga dhidi ya Liverpool, waliokuwa wakilishikilia kombe la Ulaya, katika raundi iliyowatoa, na miaka miwili baadaye aliuzwa Manchester United kwa zaidi ya pauni milioni moja.

Robertson ndiye mfano ninaoupenda zaidi. Taylor alimkuta akiwa mnene, mvutaji wa sigara, mvivu mazoezini na karibu kuuzwa. Alimkemea siku za mwanzo tu za ujio wake, akamwambia bila kificho anachokiona na anachoweza kuwa. Baada ya hapo Clough alimweka winga ya kushoto na kuwaambia wengine wampe mpira. Krosi yake ndiyo iliyomkuta Trevor Francis, Mwingereza wa kwanza kusajiliwa kwa pauni milioni moja, akafunga kwa kichwa bao pekee la fainali ya 1979. Bao pekee la fainali ya 1980 alilifunga Robertson mwenyewe.

Taylor aliona mchezaji atakuwa nani. Clough alimfanya mchezaji huyo aamini na atii. Hilo la pili ni kipaji adimu pia, na ninamshuku yeyote anayetaka kumpunguzia Clough sifa kwa kumwongezea Taylor. Alikuwa na maagizo machache: mpira ukae chini, kila mtu afanye kazi anayoiweza tu, na asiwepo wa kubishana na mwamuzi. Mazoezi yalikuwa mafupi. Usiku wa kuamkia fainali ya Kombe la Ligi ya 1979 aliwaweka wachezaji hotelini wakanywa pamoja kwa sababu aliona wana wasiwasi, na kesho yake wakawafunga Southampton 3-2. Ushauri kwa makocha wanaosoma safu hii: tafadhali msiuige huo.

Mhariri, je, ni kweli Clough na Taylor waligombana na hawakupatana tena? (Msomaji, Zanzibar)

Ni kweli. Taylor alistaafu Mei 1982 akisema amechoka, lakini miezi michache baadaye akaibuka kuwa meneja wa Derby, mahasimu wa Forest. Mwaka 1983 alimsajili Robertson bila kumpigia Clough simu, wakati Clough akiwa kwenye matembezi ya hisani. Clough alimshambulia magazetini kwa maneno makali yasiyofaa kurudiwa hapa, na wawili hao hawakuzungumza tena. Taylor alifariki Oktoba 1990, Mallorca. Clough alihudhuria mazishi, na katika miaka yake ya mwisho alikiri hadharani kwamba alipaswa kuumaliza ugomvi ule.

Mnamsifu sana Clough. Hakuwa na makosa? Na kwa nini hakupewa timu ya taifa? (Msomaji, Nairobi)

Makosa alikuwa nayo, dada yetu, na baadhi si madogo. Justin Fashanu, aliyenunuliwa kwa pauni milioni moja mwaka 1981, alidhalilishwa na Clough mbele ya wenzake baada ya meneja kusikia kwamba anakwenda kwenye baa za mashoga, kisha akazuiwa hata kufanya mazoezi na timu. Clough mwenyewe baadaye alijutia alivyomtendea. Januari 1989 aliwapiga mashabiki waliovamia uwanja, akatozwa faini na kufungiwa kukaa benchi. Zaidi ya yote, baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough ya Aprili 1989, ambapo mashabiki wa Liverpool walikufa kwa kusongamana, katika nusu fainali ya Kombe la FA ambayo Forest ndiyo iliyokuwa timu ya pili, aliwalaumu mashabiki wa Liverpool kwa vifo vya wenzao. Mwaka 2016 baraza la uchunguzi lilithibitisha kwamba mashabiki hao hawakuwa na hatia. Watu wa Liverpool hawajamsamehe, na siwezi kuwaambia kwamba wamekosea.

Kuhusu timu ya taifa, alihojiwa Desemba 1977 na wengi waliamini alifanya vizuri, lakini chama cha soka kilimchagua Ron Greenwood. Viongozi wa chama waliogopa kwamba atataka kuwaongoza wao badala ya wachezaji. Nadhani hofu yao ilikuwa sahihi, ingawa hiyo haimaanishi uamuzi wao ulikuwa sahihi.

Baada ya Taylor kuondoka Clough alishinda nini, na nani katika wachezaji wake amefuata njia ya ukocha? (Msomaji, Bujumbura)

Alishinda Kombe la Ligi mwaka 1989 na 1990, na alifika fainali ya Kombe la FA mwaka 1991 akafungwa na Tottenham 2-1. Mwaka 1984 Forest walitolewa katika nusu fainali ya Kombe la UEFA na Anderlecht, na miaka mingi baadaye ikathibitika kwamba mwamuzi wa mechi ya marudiano alikuwa amepokea fedha kutoka kwa rais wa klabu hiyo. Jicho lake nalo halikufa: mwaka 1990 alimtoa Roy Keane katika klabu ndogo ya Ireland, Cobh Ramblers, kwa pauni 47,000. Lakini ligi hakuichukua tena, pombe ilimwelemea, na Mei 1993 Forest walishuka daraja wakiwa mkiani katika msimu wa kwanza wa Ligi Kuu. Alistaafu hapo hapo, baada ya miaka 18. Alifariki tarehe 20 Septemba 2004.

Waliofuata ukocha ni wengi. Frank Clark ndiye aliyempokea kijiti Forest na kuwarudisha Ligi Kuu kwa msimu mmoja. Stuart Pearce na Roy Keane wamefundisha, na mwanawe Nigel, aliyekuwa mshambuliaji wake, ameifundisha Derby. Aliyefanikiwa kuliko wote ni Martin O'Neill, aliyeipa Leicester City Kombe la Ligi mara mbili na Celtic mataji matatu ya ligi ya Scotland, na katika klabu zote hizo mbili msaidizi wake alikuwa John Robertson.